Hereni Zilizonukia Sabuni

Hakuna ng'ombe anayenukia sabuni. Inspekta alilijua hilo tangu alipokuwa msichana mdogo wa kufuata mikia ya ng'ombe wa babu yake, na sasa alikuwa ameinamia meza ya kituo cha polisi, hereni ya plastiki ya manjano karibu na pua, ananusa kama mtu anayechagua samaki sokoni.

Koplo aliyekuwa amesimama mlangoni alimtazama, akageuza uso, kisha akashindwa kujizuia.

"Afande, hiyo ni hereni ya ng'ombe, si marashi."

"Njoo unuse."

Koplo alisogea taratibu, kama asiyetaka kuchekwa. Akanusa. Akanusa tena.

"Sabuni ya mche," alisema. "Ya kufulia."

Inspekta alimpa ya pili. Hiyo ilinuka tumbaku. Ya tatu ilinuka mafuta ya taa, na ya nne ilikuwa na harufu ile kali ya vidonge vya kufukuza mende kabatini. Moja ilikuwa imegandwa na chembe za sukari pembeni. Hakuna hata moja iliyonuka ng'ombe.

Kazini walimwita Sindano. Wengine walisema ni kwa ajili ya wembamba wake, wengine walisema ni kwa sababu huingia taratibu, na mtu hushtukia ameshachomwa. Mwenyewe hakuwahi kuuliza. Alikuwa mtu wa maneno machache na jina fupi lilimtosha.

Kilichomleta pale kilikuwa hiki. Mafuriko yalishuka bondeni alfajiri moja ya msimu wa mvua, yakapita kwenye mashamba na mazizi kama mwenye nyumba aliyerudi kudai chumba chake. Serikali ikatoa fedha za maafa kwa wakulima waliopoteza ng'ombe wa kukamua na wa kulimia. Watu waliziita kifuta machozi. Sharti lilikuwa moja tu: anayedai ng'ombe alete hereni yake, ile ya plastiki yenye namba, iliyogawiwa mwaka uliopita na afisa wa mifugo wa bonde lile, ambaye kila mtu alimwita Bwana Mifugo.

Watu wakaleta, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Hereni ya ng'ombe ina vipande viwili, kimoja chenye mwiba na kingine chenye tundu. Ikishabanwa sikioni kwa koleo haitoki mpaka uikate. Hizi zilikuwa nzima, miiba yake haijaguswa, vipande havijawahi kukutana. Hazikuwahi kuingia katika sikio la mnyama yeyote. Wakubwa wa ofisi ya maafa wakajumlisha wenyewe: hawa hawakuwa na ng'ombe, na Bwana Mifugo ndiye aliyewauzia hereni za ziada. Malipo yakasimamishwa. Bwana Mifugo akawekwa mahabusu, na sasa ulibaki usiku mmoja tu gari lije kumpeleka mahakamani. Sindano aliambiwa aje kufunga jalada tu.

Mtu mmoja peke yake ndiye ambaye hereni zake hazikuwa na walakini, naye ni Mwenyekiti wa kamati ya wafugaji. Zake tatu zilikuwa zimebanwa, kila moja imeshika kipande cha sikio kikavu chenye nywele. Alilipwa siku ya kwanza. Ndiye pia aliyekuwa shahidi mkuu. Alisema aliona kwa macho yake Bwana Mifugo akiwavalisha ng'ombe wake hereni kwa koleo, kwa hiyo wale wengine walizitoa wapi zisizovalishwa, kama si kwa mlango wa nyuma?

"Jalada limeiva, afande," Koplo alisema. "Limebaki kupakuliwa."

"Limeiva upande mmoja," alisema Sindano.

Kilichomkera kilikuwa mahojiano ya jana yake. Alikuwa amewaita wadai wote mmoja mmoja, na wote walimjibu kwa sentensi ileile, neno kwa neno, kama watoto wa darasa la kwanza wanaomkaribisha mgeni: Bwana Mifugo aliwavalisha ng'ombe wetu hereni, naye hana kosa. Na hakuna aliyekuwa amewauliza kama Bwana Mifugo ana kosa.

Aliwauliza hereni ilikuwa kwenye sikio lipi. Sheria inasema la kushoto. Mama mmoja alisema la kulia. Jirani yake, mzee mvuta tumbaku, alifikiri kidogo, akasema yote mawili, kwa usalama. Aliwauliza waliitoaje kwa mnyama aliyekufa. Wakasema kwa kisu. Akawaonyesha hereni isiyo na hata mkwaruzo. Wakaangalia dari.

Walikuwa wanadanganya, na walikuwa hawajui kudanganya. Lakini Sindano alikuwa amekaa na waongo miaka mingi, na mwongo wa kawaida hujisafisha yeye kwanza, kisha humpaka mwenzake. Hawa walikuwa wanajichafua wenyewe ili mtu aliyeko mahabusu abaki safi. Mtu aliyenunua hereni ya wizi hamkingii kifua aliyemuuzia, hasa akiwa ameshakamatwa. Angesema nilidanganywa, nisameheni, nipeni changu.

Yule mama aliyesema sikio la kulia alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu kituo kifunguliwe. Walimwita Mama Pacha, kwa kuwa alikuwa na watoto wawili wa mimba moja, na mumewe alikuwa kibarua kwenye machimbo ya mbali anayerudi akipata nauli. Ng'ombe wake mmoja ndiye aliyekuwa chakula, ada na mkopo wa dukani. Hereni yake ndiyo iliyonuka sabuni.

Sindano alitoka nje akamwambia anataka kuliona zizi. Mama Pacha alisimama, akajifunga kanga vizuri, akasema zizi lenyewe halipo, ila pahali pake papo.

Walikwenda kwa miguu, Koplo nyuma akichagua pa kukanyaga. Tope lilikuwa limekauka juu na bado laini chini, kama uji ulioota utando. Nyumba ya Mama Pacha ilikuwa juu kidogo, na jiko la nje na zizi vilikuwa bondeni kwake. Jiko lilikuwa limebaki mafiga tu. Zizi lilikuwa limebaki nguzo moja, imelala upande kuelekea yalikokwenda maji.

Sindano aliizunguka nguzo ile polepole, akapiga magoti. Usawa wa shingo ya ng'ombe, mti ulikuwa umesuguliwa mpaka unang'aa, na kwenye nyufa zake kulikuwa na nywele, nyeupe na nyekundu zimechanganyika. Chini yake kilining'inia kipande cha kamba. Alilishika fundo lake.

"Koplo, lifungue hili."

Koplo alijaribu kwa vidole, kisha kwa ukucha, kisha akautazama ukucha wake kwa masikitiko. Fundo lilikuwa limevutwa mpaka likawa jiwe. Nyuzi zilikuwa zimezama ndani ya nyuzi nyingine.

"Mimi naweza kufunga fundo," alisema Sindano, akiinuka na kupangusa magoti. "Wewe unaweza. Tukining'inia sote wawili hatulikazi namna hii. Hapa alifungwa mnyama mzito, na alivuta kwa nguvu zake zote, na nguzo ikaanza kung'oka kabla yeye hajaokoka."

Akamgeukia mwenye zizi. "Ng'ombe alikuwapo, Mama Pacha. Na alifia hapa."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa serikali kumwambia maneno hayo. Mama Pacha hakulia. Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji kichwani, akasema anashukuru, kisha akaanza kumweleza ng'ombe mwenyewe. Aliitwa Bi Harusi, kwa sababu hata ukimchapa hakubali kuharakisha mwendo. Alikuwa mweupe, mwenye wekundu mabegani kama aliyejitanda mtandio. Akikamuliwa na mtu asiyempenda huzuia maziwa, na mtu mwenyewe hukaa pale na ndoo kavu mpaka aone haya.

Sindano alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba kuona mahali hereni ilipokuwa imewekwa.

Mama Pacha alisema ilikuwa sikioni. Alilisema taratibu sana, akiangalia miguu yake.

"Dada yangu, ilikuwa kwenye sanduku gani?"

Halafu Mama Pacha aliingia ndani, akapanda kigoda, akashusha kutoka kwenye boriti za dari sanduku dogo la bati. Ndani yake kulikuwa na kitambulisho chake, kadi za kliniki za watoto, nguo mbili za kutokea na mche wa sabuni uliokatwa nusu, umefungwa kwenye gazeti. Katikati ya kadi za kliniki palikuwa na nafasi.

"Ni kitambulisho cha serikali, dada," alisema. "Kina namba. Ningekiacha kwenye tope na mavi?"

Koplo alikohoa ili asicheke. Sindano hakucheka. Alikuwa anaona sasa, nyumba kwa nyumba, mahali pa kila hereni: mfuko wa tumbaku wa yule mzee, kando ya taa, kabati lenye vidonge vya mende, kopo la sukari. Bonde zima lilikuwa limetunza vitambulisho vya ng'ombe kama linavyotunza vya watu. Lakini hilo lilijibu swali moja likazaa jingine. Hereni huletwa na afisa, naye huja na koleo, na kazi ya koleo haina mjadala na mwenye ng'ombe. Kwa nini aliwaachia?

Hakuuliza hivyo. Aliuliza asubuhi ya mafuriko ilikuwaje.

Mama Pacha aliketi juu ya kigoda. Alisema Bwana Mifugo alikuja mbio kabla hapajakucha, kutoka nyumba za juu, anakata kamba za ng'ombe wa kila mtu ili waogelee wajiokoe. Wale wanyama wote wanaolishwa leo bondeni wako hai kwa kisu chake. Alipofika kwake, watoto walikuwa wamelala kule jikoni kwa ajili ya joto, na maji yalikuwa yameshaingia katikati ya jiko na nyumba.

"Kisu alikuwa nacho mkononi. Bi Harusi analia huku, wanangu wanalia kule, na mimi niko ng'ambo naita. Akakitia kisu mfukoni. Akambeba mmoja mgongoni na mmoja kifuani, maji yamemfika hapa." Aliweka mkono chini ya kidevu. "Alipogeuka kumrudia ng'ombe, hapakuwa na pa kurudi. Akaniomba msamaha, dada. Ameniletea watoto wawili wazima, ananiomba msamaha wa ng'ombe. Halafu leo niende nikaseme hakufanya kazi yake?"

"Kumbe hakuifanya?"

Mama Pacha alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka na mlango yameshaufunga nyuma yake.

Kabla ya kurudi, Sindano na Koplo walipita nyumba zote za wadai. Palipokuwa na nguzo walipata fundo, au nguzo iliyosuguliwa. Pasipokuwa na nguzo walionyeshwa shimo alimofukiwa mnyama, na watu walitaka kufukua. Sindano aliwaambia haina haja, harufu ilitosha kuwa ushahidi. Mzee wa tumbaku aliwakaribisha chai, akawasindikiza, na njiani alirudia mara mbili kwamba sikio lilikuwa la kushoto, amekumbuka sasa.

Stoo ya ofisi ya mifugo ilikuwa mlimani, maji hayakuifikia. Msimamizi wa stoo alifungua kufuli akalalamikia vumbi kana kwamba limeletwa na wao. Koleo lilikuwa kwenye rafu ya nyuma, ndani ya mfuko wake wa kiwandani. Sindano alilitoa, akalipeleka dirishani penye mwanga.

Pini ya koleo, ile ya chuma inayosukuma mwiba upite sikioni, ilikuwa imekatika. Hilo peke yake halikumwambia mengi, kwa kuwa chombo huweza kukatika siku yoyote. Alilifungua mdomo, akautazama kwa makini. Rangi nyekundu ya kiwandani ilikuwa bado imejaa midomoni, hata pale plastiki inapopaswa kusugua kila ikibanwa. Koleo lililovalisha mifugo ya bonde zima lingekuwa limechubuka mpaka chuma cheupe kionekane. Hili lilikuwa limekatika kabla halijafanya kazi hata moja. Msimamizi alithibitisha kwamba wilaya nzima ilipewa koleo moja, na la pili lilikuwa limeombwa, likaombwa tena, na lilikuwa bado linaombwa.

"Basi hakuna ng'ombe aliyevalishwa," alisema Koplo wakiwa njiani. Alitembea kidogo, kisha akasimama. "Afande. Lakini za Mwenyekiti."

"Ndiyo," alisema Sindano. "Za Mwenyekiti."

Bwana Mifugo alikuwa amekaa kwenye kona ya mahabusu, viatu havina kamba, suruali ameishikilia kwa mkono kwa kuwa mkanda ulichukuliwa. Alikuwa mtu wa makamo mwenye mikono mikubwa. Tangu akamatwe alikuwa amekula, amesalimia, na zaidi ya hapo hakutamka kitu. Sindano aliingia na kigoda chake, akaketi, akaweka koleo sakafuni katikati yao.

Bwana Mifugo aliliangalia kwa muda mrefu.

"Lilivunjika kwa ng'ombe wa kwanza kabisa," alisema hatimaye. "Hata halijatoboa. Watu wote wamekusanyika."

Mengine aliyaeleza akiwa ameinama. Aliwagawia watu hereni zao wakazitunze majumbani mpaka koleo jingine lije. Wakubwa wake walikuwa wanataka taarifa ya kumaliza kazi kabla ya mwaka kuisha, naye akaandika kwamba mifugo yote imevalishwa, akiamini koleo litafika wiki yoyote na uongo wake utageuka kuwa kweli. Halikufika. Mafuriko ndiyo yaliyofika.

Sindano alimuuliza kwa nini hakusema, ilhali kosa la kuandika taarifa isiyo kweli ni dogo mbele ya kosa la kuuza mali ya serikali.

"Ningesema hereni hazikuvalishwa, ofisi ya maafa ingesema si ushahidi, na watu wangenyimwa," alijibu. "Nikinyamaza, mimi nafungwa lakini wao wanalipwa. Wamepoteza vya kutosha, afande. Wengine nimewapotezea mimi."

Sindano alimtazama. Ilimchukua muda kuamini kwamba hakuna aliyemwambia.

"Bwana Mifugo, hakuna aliyelipwa. Malipo yamesimamishwa tangu siku uliyokamatwa. Wao wananyamaza kwa ajili yako, na wewe unanyamaza kwa ajili yao, na fedha zimekaa mjini hazina mwenyewe."

Mtu yule mkubwa alifunika uso kwa mikono, akasahau suruali. Alipouinua tena alikuwa ameshapiga moyo konde.

"Mama Pacha naye hajapata?"

"Hajapata."

"Niletee karatasi," alisema. "Naandika kila kitu, tangu koleo mpaka taarifa. Wakinifukuza kazi, wanifukuze. Na nakushukuru kwa kuniambia. Humu ndani mtu haambiwi kitu."

Mwenyekiti aliitwa mchana uleule. Alikuja na koti lililopigwa pasi, akampa kila mtu mkono, hata msafishaji, akakaa bila kuambiwa. Alimwita Sindano binti yangu. Alisikitika kwa maneno mazuri juu ya tamaa ya wanadamu, na jinsi wachache wanavyowaharibia jina wengi.

Sindano alimshukuru kwa kufika. Akamwomba amweleze ng'ombe wake watatu, kwa ajili ya kumbukumbu.

"Mmoja mweusi tititi," alisema Mwenyekiti. "Mmoja wa madoa. Na fahali wa kijivu, wa kulimia. Nikiwakumbuka moyo unaniuma, binti yangu."

"Na Bwana Mifugo aliwavalisha wote kwa koleo hili?"

Mwenyekiti aliliangalia koleo kwa haraka, akasema ndilo hasa, analikumbuka. Sindano aliliandika hilo, akamsomea, akampa asaini. Alisaini kwa mbwembwe, na mkia mrefu chini ya jina.

Ndipo Sindano alipozipanga hereni zake tatu mezani, moja baada ya nyingine, na kumwita Koplo aangalie nywele.

"Hudhurungi," alisema Koplo. "Hii hudhurungi. Na hii hudhurungi pia."

"Mweusi yuko wapi? Wa madoa? Fahali wa kijivu?"

Mwenyekiti alisema jua hubadilisha rangi. Sindano alikubali kwamba jua lina mambo mengi. Alikwaruza kidogo kwa kalamu chini ya nywele, na chembe nyeupe zikaanguka juu ya karatasi.

"Koplo, onja."

"Afande, mimi nina familia."

"Onja."

Koplo aligusa kwa ncha ya ulimi, uso umekunjamana kabla ya wakati. "Chumvi," alisema, akapata ahueni.

Ng'ombe aliyekufa majini hana chumvi sikioni, Sindano alieleza. Mwenye chumvi ni ngozi iliyowekwa machinjioni ikisubiri mnunuzi. Akamwonyesha matundu. Koleo hutoboa tundu safi, lakini haya yalikuwa na ukingo mweusi, yamechomwa kwa msumari wa moto. Na vifuniko vya nyuma vilikuwa vimebonyea, kwa kuwa mtu asiye na koleo hubana kwa nyundo. Mwishowe akaufungua mdomo wa koleo, akamwelekezea dirishani aione rangi isiyochubuka, na pini iliyokatika kabla ya kazi ya kwanza.

"Bonde zima lililala na hereni masandukuni," alisema. "Wao hawakuijua sheria, wakaja na hereni safi. Wewe uliijua, ukaja na hereni chafu. Chafu ndiyo iliyokuumbua."

Mwenyekiti alitoa leso. Aliomba waongee kiutu uzima. Sindano alisema yeye bado ni binti yake, aongee tu. Basi akaongea, sauti ikishuka hatua kwa hatua. Ng'ombe wake watatu walikuwa hai kwa shemeji yake milimani, alikowapeleka kabla ya mvua. Masikio aliyapata machinjioni. Na aliposikia wakubwa wanashangaa hereni za wenzake, aliona afadhali Bwana Mifugo abebe mzigo wote, kuliko mtu kuanza kuuliza za kwake zilivalishwa na nani. Koplo alimpeleka akatoe mkanda na kamba za viatu.

Jioni Sindano alipiga simu mjini. Mkubwa wake alinung'unika, kwa kuwa alikuwa ameshawaambia wakubwa zake kwamba kesi imekwisha. Alisomewa maelezo yote, akasema sawa. Gari la asubuhi litambeba Mwenyekiti. Wadai ambao inspekta mwenyewe amethibitisha mazizi yao walipwe. Bwana Mifugo hana kesi ya jinai, ila taarifa yake ya uongo itapelekwa kwa mwajiri wake, na asitegemee kubaki na cheo.

"Nashukuru, mkuu," alisema Sindano, na kwa mtu wa maneno machache alilisema mara mbili.

Watu walikuwa wamejaa uani pa kituo. Hakuna aliyewaita. Sindano alisimama kwenye ngazi akawaambia kwa ufupi kwamba malipo yamefunguliwa, na kwamba hakuna tena haja ya kumsemea mtu uongo, kwa kuwa mwenyewe ameshasema kweli. Hawakupiga vigelegele. Walitazamana kwanza, kama watu wanaohakikisha wote wamesikia kitu kimoja. Mama Pacha aliomba arudiwe. Akarudiwa. Alikuja mpaka kwenye ngazi, akaushika mkono wa Sindano kwa mikono yake miwili, akasema, "Mungu akulipe, dada," na Sindano akajikuta hajui mkono wake autoe lini.

Kisha Bwana Mifugo akatoka, mkanda umefungwa, kamba za viatu bado mkononi. Alisimama mlangoni akawaomba radhi. Alisema huenda akashushwa cheo au akahamishwa, na wasimwite tena Bwana Mifugo mpaka ijulikane. Mzee wa tumbaku alimuuliza kama sasa wamwite Bwana Kuku, na kicheko kikapita uani, cha kwanza siku nyingi. Watu wakamzunguka. Kila mmoja alimpa mkono, na hakuna aliyetaja ng'ombe.

Walipopungua, Sindano alimuuliza atalala wapi. Bwana Mifugo alikuna kichwa. Nyumba ilikuwa ya ofisi, na ofisi ilichukua funguo siku aliyokamatwa. Alisema asijali, atatafuta pa kujishikiza.

Mama Pacha alikuwa ameshafika getini. Aligeuka.

"Kaka," alimwita, wakati bonde zima halijawahi kumwita kwa jina jingine ila la kazi yake. "Twende nyumbani. Watoto wameshakufagilia chumba."